Kuhusu Supu Yangu Kusingiziwa Kuvunja Barafu

Jikke Hoekema,
Kibanda cha Supu, juu ya tuta la uwanja wa barafu,
Aldewier, Frisia.

Kwa Bwana Hessel Hoekema,
Mwenyekiti, Chama cha Barafu cha Aldewier.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na soksi zako zikiwa zimeshakauka. Ningeweza kuvuka barabara nikakugongea dirisha, kama ninavyofanya nikiishiwa vitunguu, lakini wewe ndiye uliyeanza kuniandikia kwa karatasi yenye nembo ya chama, mimi dada yako niliyekufunga kamba za viatu vya barafu mpaka ulipoota ndevu. Kwa hiyo nami nimenunua stempu.

Barua yako inasema kwamba kamati ilikaa, ikanywa kahawa, ikachunguza, na ikabaini kuwa barafu ilivunjika siku ya mashindano kwa sababu ya "chanzo cha joto kisichodhibitiwa kilichokuwa karibu na mstari wa kumalizia", na kwamba chanzo hicho ni sufuria yangu. Kwa hiyo Ijumaa, kwenye mkutano mkuu, mtapendekeza kibanda changu kiondolewe moja kwa moja na mahali pake pawekwe meza ya virutubisho. Nilipomaliza kusoma nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaona sahihi yako chini, ile yenye mkia mrefu niliyokufundisha mimi, na kicheko kikanikauka. Kibanda kile alikijenga mama yetu kwa mikono yake. Nimesimama ndani yake kila mara barafu iliposhika tangu mgongo wake ulipogoma. Mkikiondoa mmeniondoa mimi, na sioni haya kusema kwamba imeniuma.

Kwa kuwa kanuni zetu zinataka malalamiko ya mwanachama yasomwe mbele ya mkutano bila kukatwa neno, nitaeleza tangu mwanzo, kwa faida ya wanachama ambao siku ile walikuwa na maji machoni. Wewe ukiwa wa kwanza.

1. Kuhusu kuletwa kwa mtaalamu. Mbio zetu sote tunazijua. Watu wawili wanasimama bega kwa bega, bastola inalia, wanateleza mita mia na sitini moja kwa moja, anayetangulia anabaki, anayechelewa anakwenda kunywa supu. Mwisho wa siku anabaki mmoja, naye anabeba paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Kati ya bastola na mstari wa kumalizia mtu hapati nafasi ya kupiga chafya mara mbili. Mara ya mwisho barafu iliposhika vizuri, paja lilikwenda kwa majirani zetu wa Munkwert, na tangu hapo majira ya baridi yametuletea mvua tu, mwaka baada ya mwaka. Mwanamume asiye na barafu ana muda mwingi wa kufikiri. Kamati ikafikiri. Matokeo yake ni Bwana Maurits, kijana mpole mwenye meno mazuri, aliyeletwa kutoka miji ya magharibi kuja kutufundisha sisi baridi.

Nakumbuka kauli yake ya kwanza pale ukumbini: "Jamani, mbio kama hizi zinaamuliwa kabla hazijaanza." Mlipiga makofi mpaka vikombe vikacheza kwenye visahani. Mimi nilidhani anatuonya. Kumbe alikuwa anatusomea ratiba.

2. Kuhusu vitu mnavyoingiza tumboni. Zamani mtelezaji wa Aldewier alikuwa na maandalizi mawili, kwenda haja na kusali. Marehemu baba yetu aliongeza kikombe kidogo cha pombe kali ya mitishamba, kwa ajili ya koo, na hakuna aliyemlaumu. Sasa mtu hawezi kuinama kufunga kiatu kabla hajameza nusu ya duka la dawa.

Ilianza juisi ya bitiruti, asubuhi na jioni, eti inafungua mishipa. Kijiji kizima kikatembea na midomo myekundu kama watoto walioiba jamu. Feike, mwokaji wetu wa mikate, ambaye hakuna asiyejua kwamba ndiye mwenye kasi kuliko vijana wote hapa, mama yake alimpigia daktari simu akilia kuwa mwanawe anakojoa damu. Daktari akamuuliza kijana amekunywa nini. Mama akasema, "Amekunywa afya." Daktari akakata simu.

Ukaja unga unaowasha. Jina lake silijui, ila kazi yake niliiona kanisani. Feike alijikuna mashavu, masikio na shingo tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, na mchungaji akamshika mkono mlangoni kwa machozi akisema amefurahi kuona kwamba mahubiri yake bado yanagusa vijana. Ukaja na ubani wa kutafuna wenye kafeini ndani yake, kwa sababu kahawa, kwa maelezo yako mwenyewe, "inachelewa".

Halafu mkavuka mpaka. Magadi, Ndugu Mwenyekiti! Unga mweupe ninaosugulia sinki! Mnaukoroga kwenye maji, mnafumba macho, mnameza, eti unazuia misuli isiungue mtu akienda mbio sana. Siku mlipofanya jaribio kwenye ukumbi wa shule niliona wanaume wazima watatu wakitoka mkuku kugombea mlango mmoja wa choo, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoshuhudia mpango wa Maurits ukimwongezea mtu kasi. Nasema mbele ya mkutano wote, na liandikwe kwenye kumbukumbu: tumbo la binadamu si sinki. Mtu anayekula magadi ili amshinde jirani yake hajashinda, amezibuliwa bomba tu. Mama yetu asingekubali uchafu kama huo upite mlango wa kibanda chake, na mimi sitakubali mpaka mnizike.

Na huku mkinywa hayo yote, supu yangu mkaiita nzito. Nzito! Njegere kavu, mguu wa nguruwe, soseji ya moshi, mkate mweusi pembeni, na vipande vya bitiruti ya siki kama kawaida yetu. Upawa unasimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa na mtu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ulikuja wewe mwenyewe dirishani ukaninong'oneza, "Dada, tafadhali, vijana usiwape supu, utawaharibia mpango." Nikakuuliza na wewe je, hutaki? Ukatazama sufuria, ukatazama viatu vyako, ukaenda zako. Nilikuonea huruma siku ile. Ulikuwa na njaa, nilisikia tumbo lako.

3. Kuhusu fagio. Katika kibanda cha mama hakuna mtelezaji aliyewahi kupewa bakuli kabla hajashika fagio akaondoa theluji kwenye njia ya mbio. Fagio kwanza, bakuli baadaye. Haikuwa ukali, ilikuwa ndiyo njia pekee ya kupata uwanja safi bila kuitisha mkutano. Hata mwana wa meya wa enzi zile alifagia, tena kwa kulia.

Maurits akasema kufagia kunamaliza nguvu. Badala yake kila mtelezaji apashe mwili joto kwa kukalia baiskeli isiyokwenda popote, kwa muda wa kutosha kuoka mkate, kisha avae suruali ya umeme yenye betri kiunoni ili mapaja yasipoe. Vijana wakafurahi mno. Nani asingefurahi kuambiwa kwamba kutofanya kazi ni sayansi? Siku ya mashindano theluji ikaanguka alfajiri, na njia ikafagiliwa na nani? Wageni. Watelezaji wa Munkwert walishuka kwenye gari lao, wakatukuta tumejifungia ndani tunajipasha, wakatafuta mafagio wenyewe, wakafagia uwanja wetu kutoka mwanzo hadi mwisho huku wakiimba. Mgeni anakufagilia nyumba na wewe umo ndani umekaa kwenye baiskeli ya bandia! Niliona aibu ya kunitosha mimi na kamati nzima, maana kamati haikuwa na nafasi ya kuiona.

Walipomaliza wakaja kibandani, mafagio meupe kwa theluji. Sheria ni sheria. Nikawapa supu, bakuli mbili mbili, na kahawa nyeusi juu yake. Kiongozi wao akaniambia, "Mama, tukishinda leo, nusu ya hilo paja ni lako." Nikamjibu asinitukane mbele ya bendera ya kijiji changu.

4. Kuhusu hema. Hapa naomba wanachama waache biskuti zao kidogo.

Maurits alisema, na kwa hili namtetea, kwamba mwili uliopashwa hupoa ukitembezwa kwenye baridi, kwa hiyo watelezaji wapashwe karibu na mstari. Karibu na mstari, kwa kamati yetu, ni juu ya barafu yenyewe. Kijana wa watu aliuliza kama ni salama. Wewe, Ndugu Mwenyekiti, ulimpiga begani ukacheka: "Bwana mdogo, sisi tumezaliwa juu ya barafu, usitufundishe." Mkatandika zulia. Mkasimika hema. Mkaingiza baiskeli, majiko manne ya gesi na wanaume kumi na wawili. Mzee Lolke, mlinzi wa barafu, ambaye kazi yake yote duniani ni kutoboa barafu na kuangalia unene wake, alikujia na keekee yake mkononi akakwambia, "Hessel, hii inabeba watu. Haibebi jiko." Ukamjibu, "Wewe shughulika na barafu, Lolke. Utayari tuachie sisi."

Mimi nilikuwa dirishani nakata soseji. Niliona zulia linabadilika rangi. Kisha nikaona hema linapungua kimo. Nilifuta miwani kwa aproni nikatazama tena, likawa limepungua zaidi. Nikaita, "Hessel! Nyumba yako inazama!" lakini muziki wa kutia hamasa ulikuwa juu sana. Barafu ikalia mara moja, na hema likaketi chini taratibu kama bibi kizee anayeketi kwenye kochi.

Namshukuru Mungu kwamba uwanja wetu ni malisho ya ng'ombe wa Bauke yaliyojazwa maji, na maji yenyewe hayakupita magoti. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima. Suruali za umeme zilizimika zote. Maurits, maji yakiwa mapajani maana hakuwa mrefu, alikuwa bado anapiga kelele, "Msisimame ghafla! Mkisimama ghafla misuli inakaza! Punguzeni taratibu!" Feike, ambaye ni mtiifu, aliendelea kukanyaga pedali ndani ya maji. Nilimsikia akiuliza, "Nipunguze niende wapi?"

Mbio zikahamishiwa upande wa pili wa uwanja. Watu wetu walikuwa wamelowa na meno yanagongana, mkaandika barua ya kujitoa kwenye mgongo wa ratiba ya kupasha mwili. Munkwert wakashindana wenyewe kwa wenyewe, wakachukua paja, wakaenda zao. Na hapa natoka kidogo kwenye kejeli kwa sababu siwezi kuendelea nayo. Feike alikuja nyuma ya kibanda changu akalia. Si kidogo, alilia mpaka akashika ukuta. Tangu akiwa kijana wa shule anasubiri barafu. Sasa yuko kwenye nguvu zake, na nani anajua itashika tena lini. Aliniambia, "Mama Jikke, sijateleza hata mita moja." Nilimfunika blanketi. Kwenye ripoti ya kamati, jina lake halimo popote.

5. Kuhusu uchunguzi wenyewe. Wajumbe waliochunguza kilichotokea ndani ya hema ni wale wale waliokuwa ndani ya hema. Nakubali kwamba hakuna anayelijua tukio vizuri kuliko wao, kama ambavyo hakuna anayemjua mwizi vizuri kuliko mwizi. Mkaanza kwa kuondoa uwezekano wa hema, kwa kuwa hema lilikuwa "sehemu ya mpango". Mkaondoa majiko ya gesi, kwa kuwa yalikuwa na cheti. Mkaondoa uzito wa wanaume kumi na wawili, kwa kuwa wanaume hao, baada ya wiki za virutubisho, walikuwa "katika hali bora kabisa". Kikabaki nini? Kikabaki kibanda cha mwanamke mjane kilichoko juu ya tuta, nchi kavu, na sufuria moja.

Upepo siku ile ulikuwa unatoka uwanjani kuja kwangu, muulizeni Lolke, muulizeni hata jogoo wa chuma juu ya kanisa. Ili supu yangu ivunje barafu ile, ingebidi joto litoke kwenye sufuria, lipite dirishani kinyume na upepo, literemke tuta, limsalimie mkata tiketi, lizunguke majiko yenu manne bila kuchanganyika nayo, kisha lipige chini ya zulia lenu na si mahali pengine popote. Supu yenye akili kiasi hicho, Ndugu Mwenyekiti, msiifukuze. Ipeni kiti kwenye kamati. Itakuwa mjumbe wa kwanza anayejua anakokwenda.

6. Kuhusu maombi yangu. Sikuandika ili kulalamika tu. Nimeisoma ripoti yenu kwa unyenyekevu na nimeshawishika. Inaonyesha wazi kwamba kila kitu kilichohusu maandalizi kilikwenda vizuri, na kilichoharibika ni barafu peke yake. Basi naomba mkutano mkuu uifute barafu.

Tafakarini. Watelezaji wetu walikunywa vizuri, wakawashwa vizuri, wakapashwa vizuri; kama pasingekuwa na mbio tungeshinda. Mbio zinachukua muda wa chafya moja na kitu, kupasha mwili kunachukua asubuhi nzima. Watazamaji wanalipa kiingilio kile kile. Kwa nini tuwauzie chafya? Mashindano yafanyike ukumbini, kwenye mazulia, karibu na kahawa. Paja la nguruwe apewe aliyepashwa vizuri kuliko wote, na upimaji usiwe wa kubahatisha: nitatoa kipimajoto changu cha jikoni, kile ninachochomea nyama, na mwamuzi atajua mwenyewe pa kukichomeka. Atakayeonyesha kwamba ameiva ndani ndiye bingwa.

Hili likipita, yatafuata mengine yenyewe. Ni hatari kumkalisha mtu kwenye baiskeli ya kupashia mwili akiwa na mwili wa baridi, kwa hiyo pawepo na zoezi la kujiandaa kupasha mwili, siku ya kuamkia. Na zoezi hilo nalo halifai kuvamiwa hivi hivi, kwa hiyo pawepo na wiki ya utangulizi. Wiki hiyo bila shaka itahitaji mwezi wa kujiweka sawa. Kwa hesabu hiyo tuanze Septemba, au mara tu nyasi za Bauke zikikatwa, au bora zaidi, tusiache. Mtoto akizaliwa Aldewier apewe juisi ya bitiruti kabla ya ziwa la mama, akalishwe kwenye baiskeli, na akifa akiwa mzee asomewe kwamba alikuwa tayari. Kwenye jiwe la kaburi lake hatutaandika alichokifanya, maana hatakuwa na nafasi ya kufanya kitu. Tutaandika kwamba mapaja yake yalikuwa ya moto.

Chama kibadilishwe jina kiitwe Chama cha Utayari. Uwanja warudishiwe ng'ombe, ambao kwa miaka yote hii hawajawahi kuuliza kama wamepashwa na bado wanatoa maziwa. Na mahali pa kibanda changu wekeni hiyo meza ya virutubisho, mimi sitazuia. Munkwert wameshaniita nikapikie kwao. Wana tuta zuri, lililokingwa na upepo, na mwenyekiti wao hajawahi kufungwa kamba za viatu na mimi, kwa hiyo ananiheshimu.

7. Sina la saba. Nimeacha nafasi hii kwa ajili ya kamati, iandike kosa langu jingine.

Nikimaliza, naomba nieleweke kwamba sina kinyongo na cheo chako, nina kinyongo na wewe. Msalimie mkeo na umwambie bakuli lake la kaure bado liko kwangu. Wasalimie wajumbe wote, walio wakavu na wenye mafua. Msalimie Lolke, ambaye alisema kweli kwa maneno machache, na ndiyo maana hamkumsikia. Wasalimie ng'ombe wa Bauke. Bwana Maurits naye umsalimie, kama bado yupo, mwambie blanketi langu la pili alirudishe likiwa limefuliwa.

Wako katika barafu, kama itakuwepo,

Jikke Hoekema
Mwanachama, mpishi, chanzo cha joto

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Maurits amekuja jioni hii kurudisha blanketi na kuaga. Amelifua, lazima niseme, na kulikunja. Nilikuwa napika supu ya mkutano wa Ijumaa, maana mkutano bila supu hamjawahi kuuweza, hata wa kunifukuza. Nikamkaribisha akae karibu na jiko. Njegere za mwaka huu ni ngumu kama changarawe, kwa hiyo nikachukua kijiko changu nikatia magadi, kama mama alivyokuwa akitia, kama anavyotia mpishi yeyote mwenye njegere kavu na haraka.

Maurits akaweka kikombe chini. "Mama, hicho ni nini?"

"Magadi," nikamwambia. "Bila magadi hizi utazitafuna mpaka Pasaka."

Akauliza kama siku zote natia. Nikamwambia siku zote. Akauliza watelezaji wanakula muda gani kabla ya mbio. Nikamwambia inategemea mdogo wangu, maana yeye ndiye anayechomoa majina ya washindani kwenye kofia, na mpaka aipate miwani yake, aisome karatasi vibaya, aanze upya, supu inakuwa imeshashuka zamani. Akauliza wanakunywa nini juu yake. Kahawa nyeusi. Na hicho chekundu pembeni ya mkate? Bitiruti. Na kabla ya supu wanafanya nini? Wanafagia, nikasema, mpaka wanavua makoti kwa jasho, nisipowaona wametoa jasho siwapi bakuli.

Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea friji. "Mama," akasema, "huu ni mpango wangu wote. Tofauti ni kwamba wako una soseji." Akaongeza kwamba kijiko changu ni kidogo kuliko vipimo vyake, labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kukimbilia chooni akitoka kwangu. Halafu akaomba bakuli. Nikampa fagio, akafagia ua wote, akala bakuli tatu.

Kwa hiyo, Hessel, naomba kipengele cha 2 kisisomwe Ijumaa. Najua kanuni zinasema nini. Wewe ni mwenyekiti, poteza ukurasa, umeshapoteza barafu nzima. Hasa pale nilipotaja sinki, na pale nilipomtaja mama.

Na kabla hamjapiga kura nakuomba ukumbuke lile paja ulilobeba wewe ukiwa kijana, ambalo picha yake umeitundika ukumbini juu ya mashine ya kahawa. Asubuhi ile ulifagia nusu ya uwanja na ukala mara tatu. Nilikupakulia mimi. Sitasema kitu, mimi ni dada yako. Nawaza tu kwamba Munkwert nao walikula bakuli mbili mbili kwangu na wakaondoka na paja, na kwamba wao bado hawajui walikula nini.

Lolke anasema baridi kali inarudi Jumapili. Feike ameshapita kuchukua fagio. Kibanda kikiwa bado kimesimama, nitakuwekea bakuli lako la zamani, lile lenye ufa. Lakini na wewe, mdogo wangu, fagio kwanza.